Taa ya Bati Inapokataa: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Anayejifunza ufundi bati kwa kutengeneza taa ya urembo hukwama pale pale walipokwama waliomtangulia. Risasi ya kulehemia haishiki. Mwili umekaa upande. Mshumaa unazimika dakika chache baada ya kuwashwa. Kioo kinapasuka usiku wa kwanza, na masika yakipita taa iliyokuwa inang'aa imeshika kutu. Nimeyapanga matatizo haya kwa dalili, ili mwenye taa iliyomshinda aende moja kwa moja kwenye ile inayomsumbua.

Kabla ya hapo, shika jambo moja. Kasoro nyingi za taa hujitokeza wakati wa kulehemu, ndiyo maana mwanafunzi akiziona huongeza risasi. Chanzo huwa kiko hatua mbili tatu nyuma: kwenye bati alilochagua, kwenye kipimo alichochora, kwenye mkunjo alioupiga haraka haraka. Mkunjo ndio unaobeba taa. Risasi inaziba tu. Kwa hiyo kila dalili iliyomo humu naitafutia chanzo kwa kurudi nyuma, na nakuomba nawe ufanye hivyo kabla hujawasha jiko tena.

Taa ninayoitolea mfano ni ya duara: kipenyo sentimita 12, kimo sentimita 20, mwili uliotobolewa maua, kofia ya koni, kikombe cha mshumaa na pete ya kuning'inizia. Ya pembe nne yenye vioo ina sehemu yake.

Risasi haishiki, inaviringika

Risasi inayeyuka vizuri, lakini badala ya kutambaa ndani ya mshono inajikusanya matone na kuviringika kama maji juu ya jani la gimbi. Weka waya wa risasi chini. Swali la kwanza ni: hili ni bati gani?

Pitisha sumaku. Kopo la soda halishiki sumaku kwa kuwa ni aluminiamu, na aluminiamu haikubali risasi ya kawaida hata uikwangue vipi, maana utando wa oksidi hurudi juu yake papo hapo. Hilo wengi wanalijua. Mtego uko kwenye mabaki ya bati la kuezekea. Mabati mengi ya siku hizi hayakupakwa zinki tupu kama ya zamani. Yamepakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, na kwa uzito aluminiamu ndiyo kubwa zaidi, kama asilimia 55. Sumaku inayashika, yanang'aa, na muuzaji atakuambia ni bati zuri sana. Kwa paa, ni kweli kabisa. Kwa risasi ni taabu. Ukiliangalia kwa karibu juani, mara nyingi utaona vichembe vidogo vinavyometameta kwa weupe wa fedha, tofauti na yale maua mapana ya kijivu ya bati la zinki. Bati la rangi nalo usidanganyike kwamba ukikwangua rangi umemaliza; chini yake mara nyingi kuna mchanganyiko ule ule.

Makopo ya chakula ni chaguo zuri, na kwa anayeanza ndiyo ninayoyapendekeza. Kopo la maziwa ya unga au la nyanya mara nyingi ni chuma chembamba kilichopakwa stani, metali nyeupe laini, na hakuna uso unaopokea risasi vizuri kama huo. Mafundi bati waliotengeneza koroboi za watu miaka na miaka walijua walichokuwa wanaokota. Ila angalia mambo mawili. Ndani ya kopo huwa kuna vanishi, mara nyingi ya rangi ya dhahabu, na risasi haipiti juu ya vanishi. Ikwangue kwa msasa mpaka chuma cheupe kitokee. Pili, kuna makopo, hasa vifuniko na vitako vyake, ambayo hayakupakwa stani bali kromiamu. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Chuma cha kulehemia ndicho kitakachokuambia.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora mstari hata mmoja, kata vipande viwili vyenye upana wa vidole viwili, visafishe, vilehemu kimoja juu ya kingine, kisha jaribu kuvibandua kwa koleo. Vikishikana, kata taa. Vikiachana, bati hilo litumie kwa kazi ya kukunja na ribiti tupu, zile pini za kubana mabati, wala usibishane nalo.

Kama bati ni sahihi na bado risasi inakimbia, kuna sababu tatu zilizobaki, na hufuatana hivi.

Uchafu. Alama ya kidole tu inatosha kuizuia risasi. Sugua kwa stilwaya, futa, na baada ya hapo shika bati kwa kingo zake.

Dawa dhaifu ya kulehemia, ile inayopakwa kwenye bati ili risasi ishike. Ile rosini ya mafundi redio, yaani utomvu mkavu wa msonobari, ni nzuri kwa waya wa shaba. Kwa bati lililokaa dukani miezi mingi haifui dafu. Mafundi bati hutumia asidi ya chumvi iliyolishwa vipande vya zinki mpaka iache kutoa povu. Zinki hiyo hupatikana hata kwenye ganda la betri ya kawaida ya tochi, ile isiyo ya alkalini, likishafunguliwa na kuoshwa vizuri. Kazi hii ifanyie nje, mbali na jiko, kwa sababu povu lile ni haidrojeni na linashika moto. Vaa miwani na glavu. Ukitaka kuipunguza nguvu, mimina asidi ndani ya maji; kamwe usimimine maji ndani ya asidi.

Joto dogo. Risasi ya 60/40, yaani stani sehemu 60 na risasi tupu sehemu 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Mwanafunzi akisikia hivyo hudhani chuma cha umeme cha wati 40 kitatosha. Hakitoshi, kwa sababu bati linasambaza joto upesi kuliko linavyoletewa. Risasi itayeyuka kwenye ncha ya chuma na kuganda hapo hapo inapogusa bati, ikiacha mabonge yenye mikia. Tafuta chuma cha wati 100 au zaidi, au kile cha asili chenye kichwa kizito cha shaba nyekundu kinachopashwa kwenye jiko la mkaa.

Cha mkaa kina ishara yake, nayo ni nzuri kuitazama. Kiweke na uuangalie moto. Ndimi zinazokizunguka kichwa cha shaba zikianza kugeuka kijani, kiko tayari. Kitoe, kifute haraka kwa kitambaa chenye unyevu, kichovye dawa, ukaguse risasi. Kichwa kitang'aa kama kimevishwa fedha. Ukichelewa mpaka shaba ikawa nyekundu kwa moto, ule mng'ao utaungua na kugeuka gamba jeusi, na chuma chenye gamba hakipeleki joto popote. Hapo inabidi kipoe, kipigwe tupa mpaka shaba safi ionekane, kivishwe upya. Jiko lenye mkaa mzuri na upepo wa baharini wa mchana hupasha upesi sana, kwa hiyo usikiache ukaenda kununua vocha.

Risasi imeshika, lakini imefifia na ina ufa

Kiungo kilitikiswa kabla hakijaganda, basi. Usiongeze risasi juu yake. Paka dawa kidogo, pasha tena mpaka yote ing'ae, kisha tulia. Vibanio vya nguo vya mbao hushika kazi vizuri, havinyonyi joto, na gengeni vinapatikana. Risasi yenye stani kidogo, kama 40/60, hukaa katika hali ya uji kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo huhitaji subira kubwa zaidi.

Homa ya jioni

Dalili hii haiko kwenye taa, iko kwa aliyeitengeneza. Umeshinda ukichoma bati la zinki motoni ili kutoa rangi au kulainisha, jioni ukaanza kusikia baridi, viungo vinauma, kichwa kizito, mdomoni kuna ladha ya chuma. Mtu wa Dar es Salaam akipata homa ya namna hiyo atasema ni malaria. Inaweza kuwa malaria kweli, na kipimo ndicho kitakachoamua. Lakini moshi mweupe wa zinki iliyoungua husababisha homa inayofanana nayo sana, inayoanza saa kadhaa baada ya kazi na kwa kawaida kutulia ndani ya siku moja au mbili. Ukienda zahanati mwambie daktari ulikuwa unafanya kazi gani. Na ukianza kubanwa kifua au kupumua kwa shida, usingoje.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na kulehemu kwa kawaida hakufiki karibu na joto la kuifanya itoe moshi. Anayeivuta ni anayechoma bati kwenye mkaa au kwa mtungi wa gesi. Usichome. Rangi itoe kwa msasa au kwa dawa ya kubandulia rangi. Kuhusu risasi yenyewe, hatari kubwa iko mikononi kuliko hewani: nawa kwa sabuni kabla ya kula, usilie chapati mezani pa kazi, na watoto wasichezee vikwangulio.

Mshono wa mwili unaachia

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu taa nyingi zinazorudi kwa fundi zimerudi kwa sababu hii.

Mwanafunzi amelaza ukingo mmoja wa bati juu ya mwingine, akamwaga risasi, mshono ukaonekana mzuri. Baada ya kuwashwa jioni kadhaa, umefunguka kuanzia juu. Mantiki yake ni nyepesi: juu ndiko kwenye joto, na risasi iliyokuwa inabeba mzigo wote imelegea. Huwezi kuiponya kwa risasi zaidi. Mshono unatakiwa ukunjwe: ukingo mmoja unapinda kwenda nje, mwingine kwenda ndani, vinashikana kama vidole vilivyokunjwa, kisha vinapigwa vikalala. Mshono wa namna hiyo unakaa hata bila tone la risasi.

Ukikuta umekunja na bado unaachia, rudi kwenye kipimo. Mzingo wa kipenyo cha sentimita 12 ni sentimita 37.7. Ukitaka mkunjo wa milimita 4, unaongeza mara tatu yake: milimita 4 za kupinda upande huu, 4 za upande ule, na 4 zinazofunikwa pale vinapopandana. Jumla milimita 12. Urefu wa bati lako basi ni sentimita 38.9. Anayesahau zile 4 za mwisho hupata mwili mwembamba kuliko kitako, akavuta kwa nguvu vikutane, na mkunjo ukabaki unavutana na nafsi yake muda wote. Unaachia kwa sababu haujawahi kupumzika.

Sababu ya pili ni kukunja kwa pembe kali kwa nyundo ya chuma. Bati jembamba, la geji 30 ambalo ni kama milimita 0.3, likipigwa mpaka likalala kabisa halafu likafunguliwa tena kuingiza mwenzake, linapata ufa kwenye mstari wa mkunjo. Tumia nyundo ya mbao. Kunja kwanza mpaka nyuzi 90 kwa urefu wote, ndipo uendelee, na acha nafasi ya unene wa bati ndani ya ndoano. Weka kipande cha bati la mabaki kwenye ndoano ukiwa unapiga, kisha kichomoe. Nafasi itabaki sawasawa. Nyuma ya kazi yako kuwe na bomba la chuma au kipande cha reli, kitu kizito kisichoruka.

Baada ya kufunga mkunjo, funga mstari wake kwa ndani usiteleze: piga vituo viwili vitatu kwa msumari butu, juu na chini. Ndipo risasi iingie, nyembamba, kwa ndani. Kwa taa iliyotobolewa hata risasi hiyo si lazima.

Taa imekaa upande, kofia haiingii

Ukiona mwili una mteremko, usiguse kitako. Kunjua kichwani mwako lile bati kabla halijaviringishwa: je, lilikuwa mstatili kweli? Pima kwa futi kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Tofauti ya milimita 2 tu inatosha kuonekana kwenye taa iliyosimama mezani. Watu huanzia kwenye ukingo wa kiwandani wakiuamini, kumbe muuzaji aliukata kwa mkono.

Kofia ya koni huwatisha walioacha hesabu shuleni, na haina haja. Pima nusu kipenyo cha mdomo wa kofia, gawanya kwa urefu wa mteremko, zidisha kwa 360. Kofia yenye mdomo wa sentimita 14, ili itokeze sentimita 1 kila upande wa mwili, ina nusu kipenyo cha 7. Mteremko ukiwa sentimita 10, jibu ni nyuzi 252. Chora duara la bikari lenye nusu kipenyo cha 10, bakiza kipande cha nyuzi 252, ongeza zile milimita 12 za mkunjo. Kofia itasimama zaidi kidogo ya sentimita 7. Kama yako imekuwa bapa mno, ulikata pembe ndogo ya kutoa. Kama imechongoka mno, ulitoa kubwa. Itengeneze kwanza kwa karatasi ya boksi. Karatasi haikati vidole.

Bati limejikunja wakati wa kutoboa

Siku moja mtaani Gerezani, Dar es Salaam, kule ambako mafundi wa vyuma na bati wamejazana kiasi kwamba sauti za nyundo zinakufikia kabla hujawaona, kijana alileta bati lake la taa limevimba katikati, kingo zimeinuka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hebu leta nilione."

Mzee hakuuliza kuhusu ua wala nyundo. Aliligeuza bati, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, akauliza: "Ulitobolea juu ya nini?"

"Juu ya mbao. Nilitandika gunia chini yake, majirani wasilalamike."

"Toa gunia." Akamsogezea gogo la mwembe lililokatwa kwa kukingama, lile ambalo nyuzi zake zimesimama wima, akamwonyesha: msumari wima, pigo moja, sogea, pigo moja. Bati lilibaki limelala.

Maelezo yake ni haya. Kila tundu linanyoosha bati kidogo. Chini pakiwa laini, pigo linasukuma eneo zima badala ya kutoboa mahali pamoja, na eneo hilo linavimba. Mbao iliyolala kwa urefu wa nyuzi nayo inabonyea. Gogo lililokatwa kwa kukingama linapokea ncha na kukaa. Ukikosa mwembe, gogo lolote gumu lililokauka litafaa.

Mpangilio nao una neno. Ukitoboa ua zima upande mmoja kwanza, upande huo unakua na mwingine haukui. Anzia katikati ya bati kwenda nje, ukirukaruka pande zote. Acha angalau milimita 3 kati ya tundu na tundu. Zikikaribiana zaidi, ukuta wa katikati unachanika na maua mawili yanakuwa shimo moja. Tundu likichanika, usijaribu kuliziba kwa risasi, maana doa lake litaonekana taa ikiwaka. Ligeuze kuwa sehemu ya pambo: kata tundu la mviringo mkubwa kidogo, na ulirudie upande wa pili ili ionekane umekusudia.

Matundu yanayofanana kwa ukubwa yanatoka kwenye msumari mmoja unaonolewa mara kwa mara. Tundu likianza kuhitaji mapigo mawili, ncha imekufa. Ipeleke kwenye tupa. Kwa majani na miale ya nyota, tindo nyembamba yenye makali hutoa ufa mzuri kuliko msumari.

Toboa bati likiwa bado limelala, kabla ya kuviringisha. Kisha viringisha polepole kwenye bomba, kwa viganja, si kwa nyundo, la sivyo litapinda kwenye mistari ya matundu na mwili utakuwa na pembe pembe badala ya duara.

Kingo zina meno

Unaufunga mkasi wa bati mpaka mwisho kwa kila mkato. Ncha zinapokutana huacha jino. Kata robo tatu ya urefu wa makali, sukuma mbele, kata tena. Meno yaliyokwisha kutokea pitia kwa tupa, na ukingo wowote utakaoguswa na mkono ukunje milimita 4 kwa ndani. Usimkabidhi mtu taa yenye ukingo wazi.

Mshumaa unazimika, au kofia imejaa masizi

Taa nzuri ajabu, ukiwasha inawaka dakika tano kisha moto unadidimia na kufa. Au hauzimiki, ila unatoa moshi mweusi. Vyote viwili ni njaa ya hewa.

Mwali unavuta hewa kutoka chini na kuisukuma juu ikiwa ya moto. Mwanafunzi ameweka maua yake yote katikati ya mwili kwa sababu ndipo yanapopendeza, chini ameacha bati tupu, juu amefunga kofia barabara. Hewa ya moto imekosa mlango wa kutokea, imejaa juu, imeshuka mpaka kwenye mwali. Dawa: mstari wa matundu kuzunguka mwili, chini ya usawa wa mdomo wa kikombe cha mshumaa, na tundu la kutokea kileleni mwa kofia lenye kipenyo cha sentimita 3 hivi, likiwa na kikofia kidogo juu yake kuzuia mvua. Njia ya kutokea isiwe ndogo kuliko ya kuingilia.

Kupima ni rahisi. Washa mshumaa ndani, kisha sogeza kijiti cha udi kinachofuka kwenye matundu ya chini. Moshi ukivutwa ndani na kutokea kileleni, taa inapumua. Moshi ukikaa pale pale au ukirudi nje, ongeza matundu ya juu kwanza, ya chini baadaye.

Kama inawaka vizuri ndani ya nyumba na kuzimika barazani, tatizo si njaa, ni upepo. Jiji letu lina kaskazi na kusi, baraza lipi halipulizwi? Matundu yaliyo kwenye usawa wa mwali yawe madogo, na ile midomo iliyochanika wakati wa kutoboa iangalie nje. Inauvunja upepo kabla haujaingia. Hii ina maana utachora pambo upande wa ndani wa bati na kutoboa kutokea huko. Amua mapema.

Angalia pia urefu wa mshumaa. Mwali wenyewe una sentimita 3 hivi. Kwenye mwili wa sentimita 20, mshumaa wa sentimita 6 unaacha sentimita 11 hadi mwanzo wa kofia, na hiyo ni nafasi ya kutosha. Mshumaa mrefu wa dukani unapeleka mwali karibu na kofia. Bati linabadilika rangi, risasi ya kileleni inalainika, pete inadondoka pamoja na taa. Ndiyo maana pete na kofia vifungwe kwa ribiti na mkunjo, na risasi isisogee huko kabisa. Mshumaa unaojipinda kabla haujaisha unakuambia joto la ndani limezidi, na jibu lake ni mshumaa mfupi mnene. Na taa yenye mwali wa kweli isitundikwe chini ya makuti wala karibu na pazia. Kwa mahali kama hapo weka balbu ndogo ya LED ya betri.

Kioo kimepasuka

Taa ya pembe nne hupasuka vioo kwa sababu vimebanwa. Kioo cha milimita 3 kikipata joto katikati kinatanuka, kingo zilizofichwa ndani ya mfereji wa bati zinabaki baridi, ufa unaanzia ukingoni. Agiza kioo kiwe pungufu milimita 2 kwa upana na kwa urefu kuliko nafasi yake. Maliza kulehemu kote kabla ya kukiingiza, kisha kizuie kwa vilimi vya bati vinavyokunjwa kwa kidole. Kikicheza kidogo ukitikisa taa, ndivyo kinavyotakiwa. Mwali uwe mbali nacho kama sentimita 5. Ufa ukianzia pale pale mara ya pili, kagua ukingo wa kioo: palipomeguka wakati wa kukata ndipo panapofungulia njia. Lainisha kwa jiwe la kunolea lenye maji.

Kutu kabla ya mwaka

Dar es Salaam haina huruma na chuma, na kadiri unavyokaa karibu na bahari ndivyo chumvi inavyokufikia. Hata hivyo angalia kutu imeanzia wapi, maana mahali pake panakuambia chanzo.

Imeanzia kwenye matundu: ulitumia bati la kopo. Stani inalinda chuma kwa kukifunika tu; ukilitoboa, chuma kilichoachwa wazi kinaoza upesi kuliko ambavyo kingeoza peke yake. Zinki ni kinyume. Inajitoa kafara, inaliwa yenyewe kwanza, na hivyo kuukinga hata ukingo uliokatwa. Kwa hiyo taa ya kopo ikae sebuleni, ya barazani iwe ya bati la zinki. Fundi anayeuza taa ya kopo kwa mtu wa Kigamboni mwenye baraza linalotazama maji anatakiwa amwambie hivyo.

Imeanzia kando ya mishono, na kuna unga mweupe: ni dawa ya kulehemia iliyobaki. Kloridi ya zinki hunyonya unyevu hewani, na mwezi wa nne unyevu upo wa kutosha. Siku ile ile ya kulehemu, osha taa kwa maji ya moto yenye magadi yale ya kupikia maharage, sugua mishono kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji safi, anika juani. Maji yanayojificha ndani ya mkunjo hayatoki kwa jua peke yake. Washa mshumaa ndani kwa nusu saa yamalizike.

Imeanzia chini ya rangi, na rangi inabanduka vipande: rangi ya mafuta ilipakwa moja kwa moja juu ya zinki. Hazipatani. Kwangua yote, futa uso kwa siki mpaka mng'ao upotee na uwe wa kijivu, suuza, kausha, kisha anza na rangi ya kwanza inayouzwa kwa ajili ya mabati ya zinki, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Kofia usiipake rangi kwa ndani, itaungua na kunuka. Matundu yaliyozibwa na rangi yapitie kwa msumari ule ule ikiwa bado mbichi, kutokea upande ule ule uliotobolea.